Akili unde imemeza RAM, na bili unalipa wewe

Pita Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi, uulize bei ya kipande kimoja cha RAM ya kompyuta ya mezani. Muuzaji atakutajia bei, nawe utadhani hajakusikia vizuri. Ukimwambia kwamba rafiki yako alinunua kama hicho mwaka jana kwa pesa kidogo sana, atakujibu kuwa hivyo ndivyo mzigo ulivyokuja. Na safari hii, tofauti na siku nyingine nyingi, huenda hakudanganyi.

Kwa kawaida kifaa cha elektroniki kikipanda bei hapa kwetu, huwa tunajua wa kulaumu. Ni shilingi, au ni ushuru. Mapema 2024 dola ilikuwa inanunuliwa kwa karibu Sh160 na kila kilichotoka nje kikawa moto. Lakini tangu katikati ya mwaka huo dola imetulia karibu na Sh129, na VAT imebaki ile ile ya asilimia 16. Kwa hivyo wacha tuache kumtazama waziri wa fedha kwa dakika chache. Chanzo cha presha hii kiko mbali, na kina uhusiano na ile programu unayoiuliza maswali ya asainmenti usiku.

Kama unapanga kujenga kompyuta yako, kuongeza nguvu ile ya mezani uliyo nayo, au kununua moja ya mitumba kutoka Uingereza, basi soma hadi mwisho. Kosa dogo la kuchagua RAM mwaka juzi lingekugharimu nauli ya kurudi mjini kubadilisha. Kosa hilo hilo sasa linaweza kukugharimu kodi ya nyumba.

Nani anashikilia bei?

Tuanze na kitu kimoja ambacho wengi hawajui. Karibu RAM yote duniani, zaidi ya asilimia 90, hutengenezwa na kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Yale majina mengine unayoyaona kwenye maboksi, kama Kingston, Corsair na G.Skill, hununua chipu kutoka kwa hawa watatu, kisha hupanga kwenye kibao, hubandika chuma cha kupooza na kuweka nembo yao. China nayo ina kampuni ya CXMT, iliyoanzishwa 2016, ambayo inapanda kwa kasi, lakini bado haijawafikia wale watatu.

Soko lenye wakubwa watatu huwa na tabia zake. Miaka ya 2004 na 2005, serikali ya Marekani iliwapata watengenezaji kadhaa wa chipu hizi na hatia ya kukubaliana bei kichinichini. Samsung ilitozwa faini ya dola milioni 300, na Hynix, kama ilivyoitwa wakati huo, dola milioni 185. Simaanishi kuwa ndicho kinachofanyika leo. Ninachosema ni kwamba wauzaji wakiwa watatu, uamuzi wa mmoja wao unafika mpaka mfukoni mwako.

Sasa angalia mfululizo wa mambo. Mwaka 2023 RAM ilikuwa bei ya kutupa. Wakati wa Covid watu walikuwa wamenunua kompyuta kwa wingi, kisha wakaacha, na maghala yakajaa. Kitengo cha chipu cha Samsung kilipata hasara ya karibu trilioni 15 za won mwaka huo, na SK Hynix hasara ya zaidi ya trilioni 7. Kampuni zikapunguza uzalishaji ili zisizame. Sisi wanunuzi tulifurahia bei, lakini kiwanda kilichopunguza kazi mwaka ule ndicho ambacho leo hakina cha kutosha.

Wakati huo huo ChatGPT ilikuwa imezinduliwa Novemba 2022, na kila kampuni kubwa ikaanza kujenga vituo vya data vya akili unde. Vituo hivi hutumia RAM maalumu iitwayo HBM, ambapo chipu hupangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. HBM ina faida kubwa kwa mtengenezaji. Shida ni kwamba GB moja ya HBM hula silikoni karibu mara tatu ya ile inayotumika kutengeneza GB moja ya DDR5, hii RAM ya kompyuta mpya ya kawaida. Maana yake ni kwamba kila kiwanda kinapogeukia HBM, RAM yetu haipungui kidogo kidogo. Inapungua kwa mafungu.

Tarehe 1 Oktoba 2025, OpenAI ilitangaza makubaliano ya awali na Samsung na SK Hynix. Lengo lililotajwa lilikuwa kufikia visahani 900,000 vya silikoni kwa mwezi. Kisahani kimoja hukatwa chipu nyingi, kwa hivyo hiyo ni sehemu kubwa mno ya kinachozalishwa duniani, kwa mteja mmoja. Wiki chache baadaye soko lilishtuka. Huko Marekani, jozi ya DDR5 ya 32GB iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 100 katikati ya 2025 ilipita dola 300 kufikia Desemba. Kwa hesabu ya Sh129, hiyo ni kutoka karibu Sh12,900 hadi zaidi ya Sh38,700, kabla hujaweka usafiri, VAT na faida ya muuzaji.

Kisha ikaja habari ya 3 Desemba 2025. Micron ilitangaza kuwa inafunga Crucial, jina lake la kuuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe, na kwamba ingepeleka bidhaa za mwisho madukani hadi Februari 2026. Crucial ilikuwa sokoni kwa karibu miaka 30, na ndiyo ambayo mafundi wengi waliipendekeza kwa mtu asiyetaka mbwembwe. Kampuni ilisema waziwazi kuwa inataka kuhudumia wateja wakubwa wa akili unde. Yaani ilitazama foleni, ikakuona wewe na buku zako chache, ikamwona mwenye mabilioni, ikakwambia rudi nyumbani.

Kuna uchungu mwingine ambao ni wetu

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuwa vijana hapa Nairobi walikuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, iliyopewa kazi na OpenAI, kusoma na kuwekea alama maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Hebu fanya hesabu hiyo taratibu. Kijana aliyelipwa dola 2 kwa saa angehitaji saa 50 kununua ile jozi ya 32GB ilipokuwa dola 100. Ikiwa dola 300, ni saa 150, bila kula na bila kupanda matatu. Mtu alisaidia kufunza mashine, mashine ikakua, ikala RAM yote, na sasa kompyuta ambayo ingemwezesha kuhariri video au kujifunza kuandika programu imemtoka mikononi. Wazungumzaji wa makongamano hawaileti hesabu hii jukwaani wanapotuambia kuwa akili unde ni fursa kwa vijana wa Afrika.

Na haiishii kwa kompyuta za mezani. Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo ambacho wanafunzi wa uhandisi hupenda kwa miradi, kilipandishwa bei Desemba 2025, na kampuni yenyewe ikataja gharama ya RAM. Chapa ya 16GB ilitoka dola 120 hadi dola 145. Simu nazo zina RAM. Simu zinazounganishwa Athi River, kwenye kiwanda kilichozinduliwa Oktoba 2023, hutumia chipu zilizoagizwa kutoka nje, kwa hivyo kuunganisha hapa hakukingi mtu dhidi ya bei ya Seoul. Ukiona simu inatangazwa kuwa na RAM ya "4+4", jua kwamba ile 4 ya pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi ya simu kinachoazimwa, na ni cha polepole zaidi.

Kwanza jua kama unahitaji RAM

Tuje kwa pesa zako sasa. Kabla ya kuuliza bei, uliza kama tatizo lako ni RAM.

Washa kompyuta, fungua kila kitu unachotumia siku ya kazi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda sehemu inayoonyesha utendakazi, uchague kumbukumbu. Hapo utaona RAM uliyo nayo, kiasi kinachotumika, kasi yake, na matundu mangapi yamejazwa. Kama unatumia asilimia 50 au 60, kuongeza RAM hakutakusaidia kitu. Kama uko asilimia 90 na diski inalia bila kupumzika, hapo ndipo penye shida.

Kama kompyuta yako bado inatumia diski ya zamani ile inayozunguka, anza na SSD. Mashine yenye 8GB na SSD itakuridhisha kuliko yenye 16GB na diski inayojikokota. Nazo SSD zimeanza kupanda kwa sababu hiyo hiyo ya vituo vya data, lakini ndogo ya 240GB au 256GB inatosha kuweka mfumo na programu zako.

Kuhusu kiasi, mwongozo wangu ni huu. Windows 11 inakubali kuwaka kwa 4GB, lakini kuwaka si kufanya kazi. Kama kazi yako ni kuandika, kutumia kivinjari, eCitizen na mikutano ya video, 8GB inatosha ukiwa na nidhamu ya kufunga kurasa usizotumia. Ukihariri video za TikTok na YouTube, ukiandika programu, ukichora nyumba au kucheza gemu za sasa, lenga 16GB. Ile ya 32GB waachie wanaohariri video nzito za 4K, wanaochora 3D, au wanaoendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Kununua 32GB kwa sababu tu umesikia bei itapanda tena ni kuwasaidia waliopandisha.

Kumbuka pia kwamba kama kompyuta haina kadi ya grafiki ya kando, sehemu ya RAM yako huchukuliwa kwa ajili ya picha. 8GB yako haitaonekana yote.

Na zile programu zinazodai "kusafisha" au "kuongeza" RAM kwa kubofya mara moja? Wachana nazo. RAM ni kitu cha kushikika, na intaneti haiwezi kukupakulia kitu cha kushikika.

DDR ngapi?

Hapa ndipo watu wengi huumia. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti kwenye meno ya dhahabu, na ukilazimisha utavunja tundu. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina meno 240. DDR4 na DDR5 zote zina 288, lakini pengo haliko sehemu moja, kwa hivyo usidanganyike ukiona zinafanana urefu.

Utajuaje yako? Soma namba ya prosesa. Kwenye Intel, i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Kizazi cha 2 hadi cha 4 ni DDR3. Kuanzia cha 6 hadi cha 9 nyingi ni DDR4, ingawa baadhi ya zile za cha 6 zilitoka na DDR3L, kwa hivyo fungua kifuniko uangalie. Vizazi vya 12, 13 na 14 vinakubali DDR4 au DDR5, lakini bodi kuu unayonunua hukubali moja tu kati ya hizo. Kwa AMD ni rahisi zaidi: bodi za AM4, zinazobeba Ryzen 1000 hadi 5000, ni DDR4. Bodi za AM5, za Ryzen 7000 kwenda mbele, ni DDR5 peke yake.

Kuna mtego mwingine kwenye mitumba. Zile kompyuta ndogondogo za Dell na HP zinazotosha kwenye mkoba, ambazo vijana wa saiba wanazipenda kwa sababu hazili stima, hutumia RAM fupi ya kipakatalishi. Ukibeba ndefu kutoka mjini utarudi nayo.

Sasa, je, uhamie DDR5? Kama una mashine ya DDR4 inayofanya kazi, jibu langu ni hapana. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kuhamia DDR5 kunamaanisha bodi mpya, prosesa mpya na RAM mpya, vyote wakati RAM ndiyo ghali zaidi. Kuongeza kipande kimoja cha DDR4 kutakusukuma miaka miwili mitatu. Tahadhari ni kwamba DDR4 nayo si kimbilio la milele. Watengenezaji wakubwa walianza kuipunguza 2025, na ndiyo maana nayo imepanda. Lakini DDR4 iliyotumika imejaa mitaani kwetu kuliko DDR5.

Kuna suala la Windows pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikawapa waliojiandikisha mwaka mmoja zaidi wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hivyo kama unanunua mtumba leo, ule wa kizazi cha 4 unaouzwa rahisi una mambo mawili yanayokungoja: RAM ya DDR3 ambayo haitakufaa kwenye mashine ijayo, na mfumo ambao umeisha muda. Kama hela ndiyo hiyo tu, weka Linux, kwa mfano Mint, na 8GB ya DDR3 itakubeba vizuri. Kama unaweza kuvuta ngiri chache zaidi, nenda kizazi cha 8.

Kasi, CL na taa za rangi

Kwenye kibandiko utaona namba kama DDR4-3200 CL16. Ile 3200 ni kasi. CL ni muda wa kusubiri kabla data haijaanza kutoka, na ndogo ni bora. Ukitaka kulinganisha kwa haki, gawanya CL kwa kasi, kisha zidisha kwa 2,000. DDR4-3200 CL16 inakupa nanosekunde 10. DDR5-6000 CL30 nayo inakupa 10. Lakini DDR5-4800 CL40 inakupa karibu 16.7. Kwa hivyo muuzaji akikwambia DDR5 yoyote inaanza kazi haraka kuliko DDR4 yoyote, mwonyeshe hesabu. DDR5 hushinda kwa wingi wa data inayopita, si lazima kwa wepesi wa kuitikia.

Halafu usilipie kasi ambayo mashine yako haiwezi kuitumia. Ile i5-8500 mwisho wake rasmi ni 2666. Ukiiwekea RAM ya 3200 itafanya kazi, ila kwa 2666. Kompyuta nyingi za ofisi kutoka Dell na HP hazina pa kupandishia kasi. Kwa mashine kama hiyo, nunua ile ya kawaida isiyo na chuma wala taa. Taa za rangi haziongezi hata MB moja, na kwenye boksi la ofisi lisilo na kioo nani ataziona?

Kama umejenga kompyuta ya gemu, hapo kasi ina maana, lakini lazima uingie kwenye BIOS uwashe XMP, au EXPO kwenye AMD. Usipofanya hivyo, RAM uliyoilipia 6000 inaweza kuwa inatembea 4800 mwaka mzima bila wewe kujua.

Jambo linalosaidia wengi kuliko kasi ni hili: vipande viwili hushinda kimoja. Kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha hadi 51.2. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, tofauti hiyo utaiona kwenye gemu na video. Kwa hivyo kama tayari una 8GB moja na tundu liko wazi, ongeza 8GB nyingine inayofanana nayo badala ya kuitupa ununue 16GB. Zikitofautiana kasi, zote zitafuata ile ya polepole. Ila kwenye DDR5, nunua viwili, usijaze matundu manne, maana vinne mara nyingi hulazimisha kasi kushuka.

Usiuziwe hewa

Habari njema ni kuwa RAM ni miongoni mwa vipuri salama zaidi kununua vikiwa vimetumika. Haichakai kama betri wala diski. Ikiwa nzima leo, kuna uwezekano mkubwa itakuwa nzima mwaka ujao. Lakini bei ikipanda, ujanja nao hupanda.

Kuna RAM ya seva, ile ya kampuni na benki zilizobadilisha mitambo. Utaiona ya 16GB au 32GB kwa bei inayokufanya utabasamu. Kwenye kibandiko herufi R hufuata ile namba ya mwisho, kwa mfano PC4-2400T-R. Kwenye kompyuta ya kawaida haitawaka. Vilevile kuna DDR3 fulani zinazoagizwa mtandaoni ambazo hufanya kazi kwenye AMD pekee. Kama bei ni nusu ya wengine wote, soma maelezo hadi mstari wa mwisho. Rahisi ghali.

Beba mashine yako dukani. Mwambie auze akiwa ameiwasha. Tumia CPU-Z, programu ya bure, kuhakikisha kilichoandikwa kwenye kibandiko ndicho kilicho ndani. Ukifika nyumbani iache MemTest86 ikimbie usiku. Ikionyesha kosa hata moja, rudisha kesho yake. Na usikubali kuondoka bila risiti yenye siku za dhamana, hata kama ni siku saba.

Pia, kabla hujaacha kompyuta kwa fundi kubadilishwa feni au kusafishwa vumbi, piga picha RAM zako na uandike namba zake. Mafundi wengi ni watu waaminifu, lakini kipande kilichokuwa hakina thamani ya kuibwa sasa kinauzika chapchap.

Bei itashuka lini?

Wapo wanaosema ngoja tu. Soko hili limezoea kupanda na kushuka. Lilipanda 2017 na 2018, likaporomoka, likapanda, likaporomoka tena 2023. Litashuka tena. Swali ni lini, na hapo usitegemee mwezi ujao. Kiwanda cha chipu hujengwa kwa miaka. Kile ambacho Micron inajenga Idaho, Marekani, kampuni inasema kitaanza kutoa chipu 2027. Na sehemu ya uzalishaji mpya itaenda HBM tena, maana ndiko faida iliko. Kama vituo vya akili unde vitakosa faida na wawekezaji warudi nyuma, bei inaweza kuanguka ghafla, lakini hiyo ni kamari ambayo hupaswi kuiwekea karo yako.

Kwa hivyo kama kazi inakupita kwa sababu mashine imekwama, nunua kiasi unachohitaji leo, si zaidi. Kama unataka tu fremu zaidi kwenye gemu, ngoja.

Kuna la kuwauliza viongozi pia. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1 ukiwa na kituo cha data Olkaria, kinachotegemea mvuke wetu wa ardhini. Kule Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, ambacho hakitengenezi RAM lakini kinafunza vijana kugusa silikoni. Yote mawili ni mazuri. Lakini kama tunatoa ardhi na stima kwa mashine za akili unde, na tunawaambia vijana wajiajiri mtandaoni kupitia Ajira Digital, basi bei ya kompyuta ya kijana huyo iwe sehemu ya mazungumzo. Asilimia 16 ya VAT juu ya kipande kilichopanda mara tatu ni pesa mara tatu kwa serikali. Bila kupandisha ushuru wowote, hazina inavuna zaidi kutoka kwa komredi anayetaka kumaliza mradi wake wa mwisho. Mbunge wako akija chuoni kuzungumzia uchumi wa kidijitali, mwulize kuhusu hilo.

Kabla hajafika, fungua kifuniko cha kompyuta yako uandike mambo manne kwenye simu: aina ya DDR, ukubwa wa kila kipande, kasi, na matundu yaliyo wazi. Mnunuzi akifika Luthuli na orodha hiyo, mazungumzo na muuzaji huanza tofauti kabisa.